Prague si Keki: Acheni Kutuuzia Krismasi ya Siku Tatu

Wasee, kila Desemba ni video ileile. Koti refu la kahawia, kofia ya sufu, mkono umeshika keki iliyoviringwa kama bomba la maji, nyuma yake taa za Krismasi na minara ya kanisa. Wimbo wa taratibu. Maandishi: "Krismasi ya ndoto, Prague." Sekunde 15 zimeisha. Halafu Januari msee yuleyule anarudi kutuuliza nani anataka mpango kama huo mwaka ujao, lipa pole pole.

Nitasema kitu ambacho watu wa kazi yangu hawapendi kusema kwa sababu tunakula meza moja. Hiyo tunauziwa ni mchezo. Unalipia mji mzima, unarudi na keki. Na sisi, hiki kizazi kilichojaza barabara Juni 2024, ndio watu wa mwisho duniani wanaofaa kuenda Prague na kurudi na keki.

Sijasema msiende. Mimi nilienda, Desemba, usiku tatu, na ningerudi kesho kama viza ingekuwa inauzwa dukani kama kredo. Shida yangu ni vile tunaenda, na vile tunawadanganya walio nyumbani wakitutazama kwa simu.

Tuanze na doo, kwa sababu hapo ndipo uongo wa kwanza uko. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Hiyo ni zaidi ya shilingi 12,000, na ukinyimwa hairudi. Weka bima ya safari ya angalau yuro 30,000, taarifa za benki, tiketi, hoteli, na barua ya kazi. Kama kazi yako ni kujirekodi na simu kama mimi, wewe jaribu kueleza hiyo kwa dirisha. Nauli ya ndege ya Desemba pekee inaweza kumeza kodi ya bedsitter ya miezi kadhaa. Hakuna video ya sekunde 15 inayoonyesha hiyo foleni. Unaona tu keki.

Haya, umefika. Katikati ya Desemba jua la Prague linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni. Masaa nane. Siku tatu za masaa nane ni masaa 24. Kwa hivyo ule mpango wa siku tatu, ukihesabu mwangaza, ni siku moja. Na wakala mmoja aliyenitumia ratiba yake alikuwa ameigawa hiyo siku moja mara mbili: Prague asubuhi, basi kwenda Vienna jioni. Saa ya kale, dakika 15. Daraja, dakika 20. Kasri, saa moja. "Muda huru wa manunuzi", saa tatu. Soma tena hizo namba. Kwa ratiba hiyo, kununua vitu ni muhimu mara 12 kuliko saa iliyotengenezwa mwaka 1410.

Na ile theluji? Halijoto ya Prague mwezi wa Desemba inachezacheza karibu na sifuri. Mara nyingi unachopata ni mvua nyepesi, ukungu na viatu vilivyolowa. Kuna mwaka theluji inaanguka siku yenyewe, lakini usipange maisha yako juu yake. Zile video za theluji nene, kuna zingine zimepigwa Januari au Februari zikahifadhiwa mpaka Desemba ifike. Nafanya hii kazi, najua vile tunapanga.

Sasa keki yenyewe. Inaitwa trdelník. Mabango yote yanakuambia ni ya kale, ya mababu wa Bohemia. Enyewe mji unaojulikana kwa hiyo keki ni Skalica, na Skalica iko Slovakia. Umoja wa Ulaya ulilinda jina la trdelník ya Skalica mwaka 2007. Barabara za Prague zimejaa vibanda vyake katika hii karne ya watalii. Ni kama mgeni aje Nairobi, auziwe urojo pale tao kwa bango limeandikwa "chakula cha mababu wa Nairobi", aende kwao akaseme amekula utamaduni wetu. Keki ni tamu, sikatai. Kula. Lakini usiniambie umeonja Prague.

Halafu kuna hili, na hili ndilo linaniuma. Tunawaambia watu wanaenda kuona Krismasi. Krismasi ya Wacheki ni jioni ya tarehe 24, na iko ndani ya nyumba. Chakula ni samaki anaitwa karpi, anakaangwa, analiwa na saladi ya viazi. Siku chache kabla utaona matangi ya maji yamewekwa kando ya barabara, samaki wako hai ndani, na msee wa aproni anampima na kumchinja hapo hapo. Kuna familia zilikuwa zinamweka samaki mzima kwa bafu siku kadhaa, watoto wanampatia jina, halafu siku ya kuchinja inakuwa kilio. Nani hapa hajawahi kumlilia mbuzi wa Krismasi? Gamba la huyo samaki linawekwa kwa pochi ili livute pesa mwaka mzima. Zawadi haziletwi na mzee wa ndevu nyeupe. Zinaletwa na Ježíšek, yaani Yesu mtoto, hata kwa familia ambazo haziendi kanisa, na Ucheki ni moja ya nchi za Ulaya zenye watu wachache zaidi wanaoshika dini. Kengele ndogo inalia, watoto wanajua ameshapita.

Hiyo hutaiona. Tarehe 24 saa sita mchana maduka makubwa yanafungwa kwa sheria, na yanabaki yamefungwa 25 na 26. Watu wanaingia kwao. Soko la Krismasi uwanjani linaendelea mpaka tarehe za kwanza za Januari, lakini limebaki la wageni wakipigana picha wao kwa wao. Kwa hivyo fikiria: umetoroka ushago, umetoroka shosho na chapati zake, umetoroka mashangazi wakikuuliza utaoa lini, ukasafiri kama kilomita 6,000 kwenda kusimama nje ya ushago ya mtu mwingine, kwa baridi.

Sasa mtaniuliza, kama Krismasi yenyewe iko ndani na keki ni ya Slovakia, basi mtu aende Prague kufanya nini? Hapo ndipo tufike. Kwa sababu huo mji una kitu, na kiko wazi barabarani, bure, na tunakiruka.

Twende uwanja wa Old Town, pale kila mtu anaendaga. Watu wamejazana mbele ya ile saa, simu juu, wakingoja itimie saa kamili. Madirisha yanafunguka, mitume wanapita, na sanamu ya mifupa ya mtu, ambayo ni Kifo, inavuta kamba ya kengele. Onyesho halifiki hata dakika moja. Watu wanasema "ni hiyo tu?" wanaenda kununua divai ya moto. Angalia chini sasa, kando ya ukumbi wa mji. Kuna misalaba 27 myeupe imechorwa kwa mawe ya barabara. Tarehe 21 Juni 1621, watu 27 waliuawa hapo hadharani kwa sababu waliongoza uasi dhidi ya mtawala wa ukoo wa Habsburg, wakashindwa vitani kwenye Mlima Mweupe Novemba 1620. Vichwa 12 vikatundikwa kwenye mnara wa daraja, vikakaa hapo miaka 10 ili kila anayepita ajue. Huo mnara ndio ule unapitia chini yake ukienda kupiga picha ya Charles Bridge alfajiri na koti lako la kahawia.

Katikati ya huo uwanja kuna sanamu kubwa ya Jan Hus. Wengi wanaikalia tu wakifunga kamba za viatu. Huyo alikuwa mhubiri na mkuu wa chuo kikuu cha Prague. Akakataa kuhubiria wananchi kwa Kilatini pekee, akahubiri kwa Kicheki, lugha ya sokoni. Angekuwa Nairobi leo angehubiri kwa Sheng na wakubwa wangesema anaharibu vijana. Akapinga kanisa kuuza msamaha wa dhambi kwa pesa. Mwaka 1412 vijana watatu walikatwa vichwa hapo mjini kwa kupinga hiyo biashara. Hus mwenyewe alichomwa akiwa hai mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Na unajua kanisa alilohubiria linaitwaje? Bethlehemu. Liko umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la Krismasi. Lilibomolewa, likajengwa upya miaka ya 1950, na liko hapo. Mnatafuta Krismasi mji mzima na Bethlehemu mnaipita mkifuata harufu ya sukari.

Lakini hao ni watu wa kale, utasema. Sawa. Tuongee kuhusu watu wa umri wetu.

Oktoba 28, 1939, Wanazi wameshakalia nchi. Wanafunzi na wananchi wanatoka barabarani Prague. Mwanafunzi wa udaktari, Jan Opletal, anapigwa risasi, anafariki wiki mbili baadaye. Mazishi yake yanageuka maandamano. Tarehe 17 Novemba Wanazi wanaua watu tisa, viongozi wa wanafunzi, bila kesi, wanapeleka wanafunzi zaidi ya 1,200 kambi ya Sachsenhausen, na wanafunga vyuo vikuu vyote vya Kicheki. Ile Siku ya Kimataifa ya Wanafunzi ambayo vyuo vyetu hupostia picha na keki, tarehe 17 Novemba, imetoka hapo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kwa muda wote niliokaa huko hakuna mtu aliwahi kuniambia hiyo siku imetoka wapi.

Ruka mpaka Agosti 1968. Vifaru vya Muungano wa Kisovieti na washirika wake vinaingia kuzima mageuzi. Watu wanapinga wiki za kwanza, halafu wanachoka, wanazoea. Ni huko kuzoea ndiko mwanafunzi mmoja wa miaka 20, Jan Palach, alikuwa anapinga alipojichoma moto tarehe 16 Januari 1969, pale juu ya Wenceslas Square, mbele ya makumbusho ya taifa. Alifariki siku tatu baadaye. Sisemi mtu afanye hivyo, hata kidogo. Maisha yako yana kazi zaidi ukiwa hai, na kama kichwa chako kiko mahali pabaya, ongea na mtu leo. Nasema tu kwamba hapo chini, kwenye lami ya miguu, kuna msalaba wa shaba umelala kama unayeyuka kutoka ardhini. Desemba watu wanaupita na mifuko ya manunuzi. Soko lingine la Krismasi liko mteremko uohuo.

Halafu Novemba 17, 1989. Miaka 50 kamili tangu wale wanafunzi wauawe. Wanafunzi wanaandamana kuwakumbuka, wanaelekea katikati ya mji, polisi wanawafungia kwenye barabara ya Národní na kuwapiga. Mji ukasema basi. Wanafunzi wakagoma, waigizaji wakafunga kumbi za maonyesho, watu wakajaa Wenceslas Square wakitikisa funguo zao hewani. Tarehe 27 Novemba kukawa na mgomo wa nchi nzima. Tarehe 29 Desemba, Václav Havel, mwandishi ambaye mwaka huohuo alikuwa amefungwa jela, akachaguliwa rais. Hebu fikiria Krismasi ya Prague ya 1989. Kutoka siku ya rungu mpaka siku ya rais mpya ni wiki sita. Kama kuna Krismasi ya huo mji inayofaa kuwekwa video, ni hiyo. Na pale Národní kuna kibao kidogo ukutani cha mikono iliyoinuliwa, na tarehe tu: 17.11.1989. Kutoka Wenceslas Square ni mwendo wa kama dakika 10. Nilisimama hapo muda mrefu nikiwa peke yangu.

Sasa unaelewa kwa nini keki inaniuma? Sisi tumejua rungu. Tumejua machozi ya gesi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliuawa mitaani, na mwaka uliofuata, tarehe hiyohiyo, watu wakarudi barabarani kuwakumbuka, na wengine wakauawa tena. Halafu mtoto wa hiyo Juni anapata viza, anaenda mji ambao umeweka majina ya vijana wake kwa lami na kwa ukuta, na anarudi kutuambia divai ilikuwa na mdalasini.

Niko na mfano mmoja wa mwisho, na huu ndio mgumu zaidi kwa mtu anayependa likizo za Desemba. Mwaka 1938 kijana mmoja wa London, Nicholas Winton, miaka 29, kazi yake ni soko la hisa, alikuwa amepanga Krismasi yake vizuri: kwenda Uswisi kuteleza kwenye theluji. Rafiki yake akamwambia aache hiyo, aje Prague, kuna kazi. Akafuta likizo. Akakuta mji umejaa wakimbizi, wengi Wayahudi, wanaotoroka Hitler. Akageuza meza ya hoteli kwenye Wenceslas Square kuwa ofisi. Wazazi wakapanga foleni kuandikisha watoto wao. Alikaa wiki tatu hivi tu, kisha akarudi London kuendeleza kazi ya makaratasi, huku wengine kama Doreen Warriner na Trevor Chadwick wakibeba hatari ya kazi upande wa Prague.

Na kazi yenyewe ilikuwa gani? Viza, wasee. Uingereza ilitaka kila mtoto awe na familia ya kumpokea na dhamana ya pauni 50. Fomu, picha, mihuri. Maofisa walipochelewa, Winton na wenzake walighushi vibali. Kati ya Machi na Agosti 1939 watoto 669 walitoka. Treni ya mwisho ilikuwa iondoke tarehe 1 Septemba na watoto kama 250. Siku hiyo vita vilianza, haikuondoka. Wengi wa hao watoto hawakuonekana tena.

Leo kwenye stesheni kuu ya Prague, jukwaa la kwanza, kuna sanamu ya Winton ameshika mtoto, mkoba uko kando. Sisi tunajua ni nini kushikilia fomu tukingoja mtu nyuma ya kioo aamue maisha yetu. Hakuna watu wangeelewa hiyo sanamu haraka kuliko Wakenya. Lakini nenda uangalie zile video zetu za Prague. Stesheni iko, kwa sababu kuna mahali pa kununua kahawa.

Ukitoka hapo enda Josefov, mtaa wa zamani wa Wayahudi, dakika tano kutoka ile saa. Ndani ya Sinagogi ya Pinkas, kuta zimeandikwa kwa mkono majina ya karibu watu 80,000, Wayahudi wa Ucheki waliouawa na Wanazi. Ghorofa ya juu kuna michoro ya watoto waliofungwa Terezín. Unaweza kuwa na miaka 20 na majuto ya mapenzi, unaingia hapo, unatoka kimya. Imefungwa Jumamosi na sikukuu zao, kwa hivyo panga.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia yote.

La kwanza: "Watu wanaenda kupumzika, si kusoma historia." Sawa, pumzika. Lakini nionyeshe mapumziko yako wapi kwa ile ratiba ya dakika 15 hapa, dakika 20 pale, kimbia basi. Kusimama mbele ya kibao cha mikono Národní hakuchoshi mtu. Kinachochosha ni kubadilisha koti mara nne ili ionekane ulikaa wiki.

La pili, kutoka kwa wenzangu wa kamera: "Historia haiuzi, mashabiki wanataka taa." Hii ndio dharau kubwa zaidi. Hawa mashabiki unaowasema ndio walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kidholuo, kwa Kikamba, kwa lugha ya ishara, wakauelezea kwenye TikTok usiku wa manane. Leo unaniambia hawawezi kustahimili sekunde 60 kuhusu Jan Opletal? Wanaweza. Wewe ndiye hukutaka kusoma.

La tatu: "Mbona ushangilie mashujaa wa wazungu, si uende Fort Jesus?" Swali zuri. Jibu ni kwamba ugonjwa ni uleule. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imebadilisha mikono kwa damu mara nyingi, imekuwa hata jela, na tunaenda kuegemea mizinga tukipiga picha ya miwani. Lamu tunaona punda na jua likizama. Macho yanayokosa kuona misalaba 27 Prague ndiyo yanakosa kuona Mombasa. Kwa hivyo sina shida ukianza na Fort Jesus, tena ni bei rahisi na hakuna dirisha la viza. Anza hapo, zoea kuangalia chini na kuuliza nani alikufa hapa. Ukifika Ulaya utakuwa umeiva.

La nne, hili la chini chini: "Una wivu." Nimeshawaambia nilienda. Endeleeni.

Na msiniambie ati historia ni ya wasomi. Sina digrii. Vitu vyote nimeandika hapa viko kwenye vibao, kwenye makumbusho, kwenye vitabu vya maktaba, na unahitaji tu kutaka. Siku tatu zinatosha kabisa kama ukiacha kukimbia. Siku ya kwanza, tembea Wenceslas Square yote, kutoka msalaba wa Palach mpaka chini, halafu Národní. Siku ya pili, uwanja wa Old Town, misalaba, Hus, Bethlehemu, na daraja jioni. Siku ya tatu, Pinkas asubuhi, stesheni mchana. Katikati kula keki yako, kunywa kitu cha moto, piga picha na koti. Nani amekataza? Hata ukumbuke kubeba koruna au kadi, maana hawatumii yuro na wale wa kubadilisha pesa barabarani watakufinya. Lakini hiyo iwe pembeni.

Kwa wenzangu wanaouza mipango ya Krismasi: andikeni ukweli kwenye tangazo. Andikeni mwangaza ni masaa nane. Andikeni theluji haina hakikisho. Andikeni kwamba tarehe 24 mji unaingia ndani. Toeni yale masaa matatu ya manunuzi, weka Národní na stesheni. Kama mteja atakimbia kwa sababu umemwambia ukweli, huyo hakuwa anataka Prague, alikuwa anataka picha ya nyuma, na hiyo siku hizi mashine inakutengenezea bure ukiwa Umoja ama Kasarani.

Na kwa wewe unayeweka elfu mbili mbili kila mwezi ukitamani hiyo safari: endelea kuweka. Usikubali mtu akucheke ati umepotea. Lakini siku utakayofika, usituletee keki, iliisha ukiwa hapo uwanjani. Tuletee majina. Opletal. Palach. Wale vijana watatu wa 1412. Wale watoto 250 wa treni iliyokwama. Yaseme kwa sauti yako, kwa Kiswahili chako, tuyajue.

Halafu ukitua JKIA, panda matatu mpaka tao, tembea zile barabara tulizotembea Juni, angalia chini kwenye lami kama vile ulikuwa unaangalia Prague, na ujiulize majina yetu yameandikwa wapi.